Wasomaji Wanauliza: Kisanduku Kinachoburutwa na Mpangilio Unaobaki

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi dashibodi za tovuti zinavyomwezesha mtumiaji kukamata kisanduku chenye chati au jedwali, kukiburuta na kukidondosha mahali anapopataka. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi, na nyingi kati yake zimetoka kwa watu wanaoandika mifumo wenyewe, wakiuliza namna ya kuunda kijenzi kimoja cha mpangilio, yaani kipande cha msimbo kitakachotumika katika kurasa mbalimbali bila kuandikwa upya kila mara. Tumechagua sita, tukazifupisha, na hatukutaja majina ya waliotuandikia.

Ndugu Mhariri, ofisi yetu ndogo hutengeneza mifumo ya takwimu. Tuna kurasa tatu ambazo watumiaji hupanga wenyewe chati, majedwali na ramani kwa kuburuta. Kila ukurasa uliandikwa na mtu wake na kila mmoja una ugonjwa wake: katika wa kwanza visanduku hupandana, katika wa pili vingine husukumwa chini na havirudi, na wa tatu hufanya kazi vizuri mpaka menyu ya pembeni ifunguliwe. Sasa tumeagizwa kutengeneza wa nne. Kati ya zilizopo, mmoja umeandikwa kwa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, mwingine ni PHP ya kawaida, lugha inayotunga ukurasa kwenye seva. Je, tuandike kijenzi chetu au tuchukue maktaba iliyopo, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, na tuanzie wapi?
*Msanidi programu, Dodoma*

Ndugu msanidi, naomba kwa muda uusahau mkono unaoburuta. Wengi wanaoandika kijenzi cha aina hii huanza na mwendo wa kipanya kwa sababu ndio unaoonekana, kisha kila kitu kingine hujengwa kikiuegemea mwendo huo, na ndiyo maana kurasa zenu tatu zina magonjwa matatu. Kinachobaki baada ya kidole kuinuliwa ni orodha fupi, isemayo kwamba kisanduku fulani kinaanzia safu fulani na mstari fulani, na kwamba kina upana wa safu kadhaa na kimo cha mistari kadhaa. Grafana, programu maarufu ya dashibodi, huhifadhi mahali pa kila paneli kwa namba nne tu, juu ya gridi ya safu 24 ambayo kipimo kimoja cha kimo ni pikseli 30. Maktaba ya react-grid-layout hufanya vivyo hivyo, isipokuwa gridi yake ya kawaida ina safu 12, namba inayopendwa kwa sababu hugawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita bila baki. Maktaba hiyo ndiyo iliyo chini ya dashibodi za DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kwa hiyo ofisa takwimu wa wilaya aliyewahi kupanua chati ya chanjo katika dashibodi yake ameshaitumia, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Basi orodha hiyo na iwe moyo wa kijenzi, na kuizunguka ziwepo amri chache: hamisha kisanduku hadi safu na mstari fulani, badilisha ukubwa, ongeza, ondoa. Kila amri ipokee orodha ya zamani na kurudisha mpya, bila kugusa skrini na bila kujua kama aliyeiita ni kipanya, kidole, kibodi au seva. Sehemu ya kuchora isome orodha na kuviweka visanduku mahali pake; sehemu ya kupokea ishara itafsiri mwendo kuwa amri, kisha ikae kimya. Ukizitenganisha namna hiyo, kanuni zote ngumu utazijaribu bila kufungua kivinjari, na utaona kwamba wasomaji wenzako waliofuata hapa chini wanauliza habari za amri zile zile zikiingilia milango mingine.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Tuseme chombo kinachobeba gridi kina upana wa pikseli 1,190, safu ni 12, na nafasi kati ya safu na safu ni pikseli 10. Nafasi hizo ziko 11, zinakula pikseli 110, na 1,080 zilizobaki zinaipa kila safu pikseli 90, kwa hiyo hatua ya kutoka mwanzo wa safu moja hadi mwanzo wa inayofuata ni pikseli 100. Mtumiaji akikiburuta kulia kwa pikseli 260 kisanduku kilichoanzia safu ya 2, tunagawanya kwa 100, tunapata 2.6, tunaikadiria kuwa 3, na kisanduku kinahamia safu ya 5. Kama upana wake ni safu 4, na safu zinahesabiwa kuanzia sifuri, hakiruhusiwi kuanzia mbele ya safu ya 8, la sivyo mkia wake utatoka nje ya gridi.

Hapo hapo ndipo ugonjwa wa ukurasa wenu wa tatu unapopatikana. Nadhani aliyeuandika alipima upana wa dirisha zima la kivinjari badala ya kupima chombo kinachobeba gridi. Menyu ya pembeni ikifunguka, dirisha halibadiliki lakini chombo kinabanwa, na hesabu yote inakwenda upande. Kijenzi cha kutumika tena hakina haki ya kudhani kwamba ukurasa mzima ni wake. Kitumie ResizeObserver, zana ya kivinjari inayotoa taarifa eneo linapobadilika ukubwa, kulipima eneo kilichopewa, basi.

Visanduku viwili havijapandana iwapo kimoja kiko kushoto kabisa kwa kingine, au kulia kabisa, au juu, au chini. Nje ya hali hizo nne vimepandana. Kisanduku kinachoburutwa kikikikuta kingine, kinachokutwa husukumwa chini, nacho kikikuta kingine hukisukuma, na mnyororo huendelea mpaka nafasi ipatikane. Baada ya hapo hufuata kubana: visanduku hupangwa kwa mstari kisha kwa safu, halafu kimoja baada ya kingine hupandishwa juu mpaka kigote kwenye kilichokwisha kuwekwa. Ni utaratibu mfupi ambao hautazidi mistari 40 ya msimbo, lakini una mtego mmoja ambao umewanasa wengi, nami nikiwamo. Ukiifanya kila hesabu ya mwendo ianze na matokeo ya hesabu iliyotangulia, kisanduku kitakachopita juu ya vingine vitano njiani kitaviacha vyote vimesukumwa, hata kama mtumiaji alikuwa anapita tu. Hifadhi nakala ya orodha mara tu uburutaji unapoanza, na kila mwendo uhesabiwe upya kutoka nakala hiyo. Visanduku vilivyopishwa njiani vitarudi vyenyewe mahali pake, na mtumiaji akibonyeza Escape utamrudishia nakala bila hesabu yoyote. Huo, kwa maelezo yako, ndio ugonjwa wa ukurasa wa pili.

Kuhusu kuandika wenyewe au kuchukua maktaba, ushauri wangu ni kuchukua, ila msiiruhusu maktaba ijulikane na kurasa zenu. Mwaka 2017 kampuni ya Atlassian ilitoa react-beautiful-dnd, maktaba nzuri ya kupanga orodha kwa kuburuta, ikapendwa kwelikweli. Baadaye kampuni ikaacha kuiendeleza, na mwaka 2024 ikaleta nyingine, Pragmatic drag and drop, yenye ujenzi tofauti kabisa. Waliokuwa wameiita maktaba ya kwanza moja kwa moja kutoka kila ukurasa walikuwa na kazi ya kurekebisha kila ukurasa, lakini waliokuwa wameifunika kwa kijenzi chao walikuwa na faili moja la kushughulikia. Kwa kuwa nyinyi mna React na PHP kwa pamoja, funiko hilo lingefaa kuwa elementi, yaani kipande cha ukurasa chenye jina lake, mnayoibuni wenyewe, jambo ambalo vivinjari vyote vya leo vinalikubali mradi jina lake liwe na kistari, kwa mfano gridi-mpangilio. Ukurasa wa PHP utaiandika kama unavyoandika elementi yoyote ya HTML, lugha ya kujengea kurasa za tovuti, na ndani yake GridStack, maktaba ya gridi ambayo haitegemei React, itafanya kazi ya gridi. Elementi hiyo ipokee orodha, itoe tukio moja tu, yaani taarifa kwa ukurasa, orodha inapobadilika, na isiseme neno zaidi ya hapo.

Ndugu mwandishi, nimeandika kijenzi cha kuburuta kwa kufuata mafunzo ya HTML5, yaani kuweka sifa ya draggable na kusikiliza dragstart, dragover na drop. Kwenye kompyuta kinafanya kazi. Wateja wangu wanatumia simu, na kwenye simu zao hakuna kinachotokea, au ukurasa wote unasogea. Nimekosea wapi?
*Mwanza*

Hukukosea, ulirithi. Utaratibu huo wa HTML5 asili yake ni Internet Explorer 5 ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 1999, wakati kuburuta kulimaanisha kipanya na si kingine. Ian Hickson, aliyekuwa mhariri wa HTML5, aliuchunguza jinsi ulivyofanya kazi ndani ya Internet Explorer, kisha akauandika kuwa kanuni, pamoja na vituko vyake vyote, kwa sababu tayari ulikuwa unatumika. Ndiyo maana hata leo kivinjari hukataa kisanduku kudondoshwa mpaka msimbo wako uzuie desturi ya kivinjari ndani ya tukio la dragover, jambo ambalo hakuna mtu angelikisia. Peter-Paul Koch, mtaalamu wa vivinjari kutoka Uholanzi, aliulalamikia hadharani kwa maneno makali mwaka 2009, na nikiusoma utaratibu huo leo nashindwa kumlaumu. Kwa miaka mingi vivinjari vya simu havikuyatoa matukio hayo kwa mguso wa kidole. Utumie unapotaka kupokea faili kutoka nje ya kivinjari, kwa mfano picha inayotolewa kwenye folda. Kwa kupanga visanduku ndani ya ukurasa, uache.

Badala yake sikiliza matukio ya kielekezi, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliyapitisha kuwa kanuni mwaka 2015 na ambayo yanakiona kipanya, kidole na kalamu kwa jicho moja: pointerdown, pointermove, pointerup. Mara tu uburutaji unapoanza, ita setPointerCapture ili matukio yaendelee kuifikia elementi yako hata kidole kikitoka nje ya mipaka yake. Kuna tukio la nne ambalo mafunzo mengi huliruka, nalo ndilo linalowatesa wateja wako. Kidole kinapoburuzwa kwenye skrini, kivinjari hujiuliza kama mtu anataka kusogeza ukurasa. Kikiamua kuwa ndivyo, hutuma pointercancel na baada ya hapo hunyamaza. Msimbo unaosubiri pointerup utasubiri bure, na kisanduku kitabaki kimening'inia hewani. Lichukue tukio la pointercancel kama Escape: irudishe nakala ya mpangilio, basi.

Ili kivinjari kisikunyang'anye mguso, kipe kishikio cha kisanduku, yaani sehemu ndogo ya kukishikia, kanuni ya touch-action yenye thamani ya none, kutoka CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa. Nasema kishikio, si kisanduku kizima. Ukikipa kisanduku kizima, kwenye simu ambapo visanduku vimejaa kutoka ukingo hadi ukingo, mtumiaji hatapata hata upenyo mmoja wa kuweka kidole ili asogeze ukurasa. Kishikio kiwe kikubwa cha kutosha kidole cha mtu mzima, na uburutaji usihesabiwe umeanza mpaka kielekezi kimesogea pikseli chache. Mimi hutumia tano, maana mkono wa binadamu hautulii, na bila kizingiti hicho kila mbonyezo hugeuka kuwa uhamisho.

Simu za bei ya chini zitakudai jambo moja zaidi, yaani upime mahali pa visanduku mara moja tu, mwanzoni mwa uburutaji, na wakati wa mwendo ukisogeze kisanduku kwa kanuni ya CSS ya transform badala ya zile za top na left. Skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde inakupa milisekunde 16 na nukta kidogo kwa kila mchoro. Ukiipima gridi nzima katika kila mwendo, muda huo hautoshi.

Mhariri, mimi ni mwalimu na sioni. Natumia kisoma skrini, programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta. Mfumo ninaojazia alama umebadilishwa, na sasa mpangilio wa masomo kwenye ukurasa wa mbele unabadilishwa kwa kuburuta tu. Nilipolalamika niliambiwa kwamba kuburuta ni kwa hiari na kwamba ningeweza kumwomba mwenzangu anipangie. Wanaotengeneza vitu hivi hawana namna nyingine?
*Mwalimu, Mombasa*

Mwalimu, shikamoo. Namna ipo, imeandikwa, na jibu ulilopewa halikuwa sahihi. Mwongozo wa WCAG 2.2, wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ambao W3C iliupitisha tarehe 5 Oktoba 2023, una kigezo namba 2.5.7 kinachosema kwamba jambo lolote linalofanyika kwa kuburuta liweze pia kufanyika kwa mbonyezo wa kawaida bila kuburuta, isipokuwa pale ambapo kuburuta ndiyo kiini cha jambo lenyewe, kama vile kuchora kwa mkono. Kupanga masomo kwenye ukurasa si kuchora kwa mkono. Kigezo hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka au wanaoiongoza kompyuta kwa macho au sauti. Wewe unalindwa zaidi na kigezo cha zamani, namba 2.1.1, kinachodai kila kitu kifanyike kwa kibodi. Nawaeleza wasanidi tofauti hiyo kwa makusudi, kwa sababu wengi huongeza vitufe vya mishale vya kibodi na kudhani wamemaliza yote mawili.

Sasa niseme na wasanidi wenyewe. Ikiwa kijenzi chenu kimejengwa kwa amri kama tulivyomweleza ndugu wa Dodoma, kumhudumia mwalimu ni kazi ya siku moja. Wekeni katika kila kisanduku kitufe kinachofungua menyu fupi: sogeza juu, sogeza chini, sogeza kushoto, sogeza kulia, panua, punguza. Kila kitufe kisipungue pikseli 24 kwa 24 za CSS, ambacho ndicho kiwango cha chini cha mwongozo uleule. Menyu hii naipenda kuliko ule mtindo wa kushika kisanduku kwa kitufe cha nafasi na kukitembeza kwa mishale, kwa sababu visoma skrini kama NVDA na JAWS, vikiwa katika hali ya kusoma ukurasa, hujichukulia mishale hiyo kwa kazi yao ya kuhama mstari hadi mstari, na kijenzi chenu hakitaisikia kamwe. Mtindo wa mishale unaweza kuwapo kama nyongeza. Na mkikuta mfano unaotumia aria-grabbed, jueni kwamba sifa hiyo iliwekwa kando katika toleo la 1.1 la mwaka 2017 la ARIA, yaani sifa za HTML zinazovieleza visoma skrini vitu vya ukurasa.

Baada ya kuhama, kisoma skrini kiambiwe kilichotokea kupitia eneo lenye sifa ya aria-live, ambalo kisoma skrini hulisoma kila linapobadilika, na hapa lugha yetu ina shauri lake. Maktaba nyingi huja na kiolezo cha ujumbe ambamo jina la kitu huchomekwa, na kiolezo hicho kwa Kiingereza hufanya kazi kwa kitu chochote. Kwa Kiswahili ramani imehamishwa, jedwali limehamishwa, kisanduku kimehamishwa, mchoro umehamishwa. Kitenzi hakiwezi kuandikwa kabla ya kujua ngeli ya kinachohama. Kiolezo kimoja kitatoa sentensi kama "jedwali imehamishwa", na mwalimu atalazimika kuisikiliza kutwa nzima. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kijenzi kutokuwa na ujumbe wake, bali kupokea kutoka kwa ukurasa funksheni inayotunga sentensi kamili. Ya pili, ambayo ndiyo niliyoizoea, ni kukitaja daima kisanduku chenyewe na kukiacha kibebe upatanisho: "Kisanduku cha Ramani ya Kata kimehamia mstari wa 2, safu ya 5." Jina la ndani likibadilika, kitenzi hakisumbuki. Ujumbe utolewe kisanduku kinapobadilisha safu au mstari tu, na ukurasa utangazwe kuwa wa Kiswahili kwa sifa ya lang yenye thamani ya sw, ili kisoma skrini chenye sauti ya Kiswahili, kwa mfano ile ya programu ya matamshi ya eSpeak NG, kisiyasome maneno yetu kwa matamshi ya kigeni.

Jambo la mwisho huonekana dogo kwa mwenye macho. CSS inaweza kukionyesha kisanduku juu kabisa ya ukurasa huku ndani ya HTML kikiwa bado cha mwisho, na kitufe cha Tab pamoja na kisoma skrini hufuata HTML. Mwalimu akisogeza Hisabati iwe ya kwanza, halafu kisoma skrini kiendelee kuisoma mwisho, hajahamisha kitu. Kisanduku kikishadondoshwa, panga upya elementi zenyewe kwa mstari kisha kwa safu, na mrudishe msomaji kwenye kitufe alichokuwa amekibonyeza, maana elementi inapong'olewa na kupandikizwa huwa inampoteza.

Nikihamisha kisanduku chenye ramani iliyowekwa kwa iframe, yaani ukurasa uliopachikwa ndani ya ukurasa, ramani inaanza kupakiwa upya tangu mwanzo na bando la mtumiaji linaisha. Kwa nini?
*Nairobi*

Kwa sababu ya kile kile nilichotoka kumshauri msanidi wa mwalimu. Iframe ikitolewa mahali pake ndani ya HTML na kuwekwa pengine, hata kwa kufumba na kufumbua, kivinjari huihesabu kuwa imeondolewa na kuzaliwa upya. Ipo amri mpya iitwayo moveBefore, ambayo Chrome ilianza kuikubali mwaka 2025, inayoihamisha elementi bila kuiua. Itumie pale kivinjari kinapoijua. Pale kisipoijua, acha kisanduku chenye iframe kibaki kilipo ndani ya HTML na uvihamishe vingine kukizunguka. Kwa visanduku viwili vyenye ramani vinavyopishana njia hiyo haitoshi, na ramani moja itabidi ipakiwe upya, chagua iliyo nyepesi.

Ndugu Mhariri, watumiaji wetu hupanga dashibodi kwenye kompyuta za ofisini. Mmoja wao akifungua kwa simu, visanduku vinajipanga kimoja chini ya kingine, jambo ambalo ni sawa, lakini akirudi ofisini anakuta mpangilio wake wote umekuwa mnyoofu kama foleni. Tunahifadhi kila orodha inapobadilika.
*Kampala*

Neno linalowaumiza ni "kila". Orodha hubadilika kwa sababu mbili: mtu ameamua, au skrini imekuwa nyembamba na kijenzi kimejikunja chenyewe. Sababu ya pili haipaswi kuhifadhiwa. Tukio linalotoka katika kijenzi liseme chanzo chake, na seva ipokee tu yale yaliyotokana na mkono wa mtu, tena mara moja, kisanduku kinapodondoshwa, si katika kila hatua ya mwendo.

Kisha hifadhini orodha moja kwa kila upana. Mpangilio wa react-grid-layout unaobadilika na skrini una ngazi tano za kuanzia, yaani pikseli 1,200, 996, 768, 480 na sifuri, zenye safu 12, 10, 6, 4 na 2 kwa mfuatano huo, na kila ngazi ina orodha yake. Ngazi tano ni nyingi kwa ofisi nyingi. Mbili au tatu zingewatosha. Ngazi ambayo mtu hajawahi kuipanga kwa mkono isihifadhiwe kabisa, bali ikokotolewe kutoka ngazi pana iliyo karibu nayo kila inapohitajika. Wekeni pia namba ya toleo ndani ya data, kwa sababu siku mtakayoongeza safu kutoka 12 hadi 24, kila upana na kila mwanzo wa safu utatakiwa kuzidishwa kwa mbili, na bila namba hiyo hamtajua ni zipi zilizokwisha kuzidishwa. Kama mnahifadhi kwenye localStorage, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari chenyewe, kumbukeni kwamba yaliyomo hayatoki kwenye kivinjari kilichoyaandika, kwa hiyo mtumiaji anayehama kompyuta atakuta ukurasa mpya.

Assalaamu alaykum. Tunatengeneza dashibodi ya Kiarabu na Kiingereza. Kijenzi chetu kwa Kiingereza hakina tatizo. Tukigeuza ukurasa kuwa wa kutoka kulia kwenda kushoto, visanduku vinageuka vizuri, lakini ukikiburuta kimoja kwenda kulia chenyewe kinatua kushoto.
*Maskati*

Wa alaykumu salaam. Mna vipimo viwili vinavyozungumza lugha tofauti. Gridi ya CSS hufuata mwelekeo wa maandishi, kwa hiyo katika ukurasa wa Kiarabu safu ya kwanza iko kulia, na ndiyo maana visanduku vyenu viligeuka bila kusaidiwa. Kielekezi hakifuati: clientX, yaani mahali pa kielekezi kwa mlalo, huhesabiwa kutoka ukingo wa kushoto wa dirisha katika lugha zote, na amri ya transform iitwayo translateX yenye namba chanya husogeza kulia daima. Orodha yenu na iendelee kuhesabu safu kutoka mwanzo wa mstari, popote mwanzo huo ulipo, kisha katika sehemu moja tu, pale ambapo mwendo wa kielekezi hutafsiriwa kuwa safu, zidisheni tofauti ya pikseli kwa hasi moja iwapo direction, yaani mwelekeo wa maandishi wa chombo, ni rtl, kulia kwenda kushoto. Usogezaji wa muda kwa transform wakati wa kuburuta uacheni bila kuuzidisha, kwa kuwa unakifuata kidole na kidole hakina lugha. Amri za menyu nazo zinahitaji uangalifu: kitufe kilichoandikwa "kulia" kimpeleke mtu kulia anakokuona kwa macho, na katika ukurasa wa Kiarabu maana yake ni safu kupungua kwa moja.